Hesabu ya Ng'ambo

Elfu hamsini tu, jamani, elfu hamsini
ndizo zilizomvusha Higenyi mto Manafwa,
na baiskeli yake, na godoro limefungwa kwa mpira.
Hakuniaga. Aliacha ufunguo wa kabati
na daftari la mahudhurio, limejazwa hadi Alhamisi.

Mshahara wa serikali ni uleule huku na kule;
kinachopishana ni kile cha juu yake, cha wazazi,
na wazazi wa ng'ambo mwaka huu mpunga umewakubali.

Nikaitisha kikao. Nikasema: beseni moja kila nyumba.
Mama Nahirya akauliza, "Beseni lipi,
la sokoni au la kwako, mwalimu mkuu?"
Tukacheka. Tukachanga. Tukafika elfu sitini.
Higenyi akatuma salamu.

Jumatatu ng'ambo wakasikia, wakaongeza nyumba ya bati.
Sisi choo kipya. Wao sola.
Na Budaka, waliokuwa wamelala, wakaamka
wakawa wanahesabu walimu wao usiku, kama kuku.

Sasa nasimama darasa la sita, mimi wa Kiingereza,
mbele ya hesabu nilizozikimbia nikiwa na umri wao.
Ubaoni mwandiko wa Higenyi bado upo:
Gawa mayai kumi na saba kwa watoto watatu.
Sijaufuta.
Wesana, wa dawati la nyuma, kanyoosha mkono tangu asubuhi.
Kugawa anajua.
Anachouliza ni yale mawili yanayobaki
anapewa nani.