Sikio la Kushoto

Nilitumwa Isongole na daftari la idara,
kalamu mbili, buti za mpira za kuazima,
nikahesabu kupe.
Siyo kuwaua. Kuhesabu tu,
kisha nirudi Tukuyu nijaze fomu.

Mvua ya huku haina adabu ya kubisha hodi,
huingia zizini pamoja na ng'ombe, ikalala.
Nilimkuta Subilaga Mwakatumbula amechuchumaa
nyuma ya ng'ombe mweusi aitwaye Risiti
(“Mkopo wake nimeulipa miaka mitatu,
ulitaka nimwite Ua?”)
mkia wa mnyama kautupia begani kama ncha ya kanga,
anapaka.

Nini hicho, mama?
Mafuta.
Ya nini?
Akanitazama kama niliyeuliza mvua ni ya nini.

Parachichi zilizokataliwa na kampuni,
zenye makovu, zilizopigwa na mvua ya mawe,
kazianika juu ya bati kwa jua la kuvizia
mpaka zikaona haya, zikatoa mafuta.
Humo kalowesha maua ya pareto
kutoka kwa shemeji yake wa Umalila,
yaliyokaushwa kivulini,
maana jua likiyapiga hufa kabla ya kupe.
Na majani ya mkaratusi, kiganja kimoja:
“Hayo ni ya harufu, kupe ajue amehamishwa.”
Kipimo ni kizibo cha soda.
Kizibo kila sikio, viwili chini ya mkia,
kiwele kitone tu, tena baada ya kukamua,
wanunuzi wa maziwa wana pua.

Niliandika: mbinu ya kienyeji, haijathibitishwa.
Nikageuza sikio la kushoto.
Arobaini na mmoja.

Josho la kijiji lina vyura wenye sauti nzuri.
Mwaka juzi alinunua chupa mnadani,
kumbe maji yaliyopakwa weupe.
Ndama akavimba tezi chini ya sikio,
akahema siku nne
kama apandaye mlima naye amelala.
Hakuwa na jina bado.
Subilaga alilisema hilo mara mbili, akiwa amenipa mgongo:
hakuwa na jina bado.

Jumatano ya pili, ishirini na sita.
Ya tatu, ishirini na tisa.
(Alicheka: “Wamesikia unakuja.”)
Ya nne, kumi na mmoja.
Ya tano sikwenda, gari la idara halikuwa na mafuta.
Ya sita, saba.

Mkubwa wangu akauliza:
Ni pareto, ni mkaratusi, au ni msimu?
Sikujua. Hata leo ukinishika shati sitakwambia.
Nilichokiona ni vidole vyake,
kila Jumatano, mvua isinyeshe, mvua inyeshe,
vikipita kwenye mikunjo ya lambi,
kwapani, ndani kabisa ya sikio
ambako giza lina joto lake;
na kupe ambaye mafuta hayakumweza
ukucha ukamkuta.
Huenda mafuta ni nauli tu
ya kuvifikisha vidole huko.
Fomu ina safu ya dawa, safu ya kipimo, safu ya tarehe.
Safu ya vidole haina.

Jumatano ya saba nilikuta zizi lina miguu minne zaidi,
myembamba, inayojadiliana namna ya kusimama.
Manyoya bado mabichi.
Anaitwaje?, nikauliza, kalamu tayari.
“Stakabadhi,” akajibu upesi,
kama aliyekaa na jina hilo mdomoni
tangu mwaka juzi.

Akanipokonya daftari, akaliweka juu ya debe,
mvua ikaanza kulisoma.
Akanipa kizibo.
“Kitone kimoja. Ngozi yake changa.
Na ukate hizo kucha siku nyingine.”

Nikaanza na la kushoto.
Sifuri.
Nikalipaka hivyo hivyo.