Koti la Bibi Danica

Punta Arenas upepo hauvumi, unasukuma.
Mjini hufungwa kamba kando ya uwanja
watu wasipeperushwe wakitoka benki.
Baba yangu, Evaristo, alitengeneza majokofu huko;
kazi ya mzaha, alisema, kama kumuuzia bahari chumvi.

Mama alisoma barafu.
Alijua umri wake
kama mchungaji ajuavyo umri wa ng'ombe kwa meno.
Barua ilifika Machi: miezi kumi na minne,
kituo cha kusini kabisa,
mkuu wa maabara, jina lake mlangoni.
Mimi nilikuwa na miaka sita
na jino moja linalocheza.

Usiku ule alivaa koti la mama yake,
fundi wa makoti ya mabaharia, aliyefariki
akaacha cherehani, deni la vifungo,
na koti hilo zito kama mgonjwa.
Akatia mkono mfuko wa kulia: kokoto ya barafu,
kavu, isiyoyeyuka kiganjani.
Akatia tena: nishani.
Tena: kadi ya siku ya kuzaliwa, bahasha bado imefungwa,
mwandiko wangu wa baadaye,
herufi zimeshajifunza kusimama.

Mfuko wa kushoto ukatoa jino langu,
ilhali lilikuwa bado kinywani mwangu, nimelala.
Kisha risiti ya mkate.
Kisha ufunguo wa maabara
wenye kibandiko cha jina la mtu mwingine.
Ufunguo aliushika muda mrefu kuliko jino.
Sifichi. Aliniambia mwenyewe.

Alivipanga mezani mafungu mawili, kama nyanya za sokoni,
akapunguza hapa, akaongeza pale,
hadi maziwa yakashika utando kikombeni.

Mshika mbili, husemwa, moja humponyoka.
Humponyoka ikaenda wapi?
Methali imenyamaza.

Alfajiri akavirudisha, na kokoto haikuonekana.
Akapapasa kulia: tundu.
Akapapasa kushoto: tundu.
Wala si kuchanika. Kingo zilipindwa, zikashonwa
kwa mkono wa bibi, ambaye hakuwahi
kuacha hata uzi ukining'inia.
Kule chini, ndani ya bitana, mgongoni,
vitu vilikuwa vimelala pamoja:
nishani juu ya risiti,
jino limeegemea bahasha,
kokoto na ufunguo vikiambukizana baridi.

Alicheka mpaka baba akaamka akidhani analia.
Saa tatu akapiga simu. Hakusema hapana.
Alisema: majira haya siji.
Mwakani nipeni wiki sita, na meza yenye dirisha.
Wakampa wiki nne. Dirisha hawakumpa.
Mlango ukaandikwa jina la Osvaldo Traub,
na kila lilipotajwa mezani
mama alikata mkate kwa nguvu kupita kiasi.

Jino langu lilitoka Jumanne.
Alikuwepo, uzi mkononi,
akahesabu hadi tatu, akavuta kwenye mbili.

Sasa koti ni langu.
Juzi nami nimeletewa barua, nene, ya mbali.
Sijaifungua.
Binti yangu amepanda kiti, ananipapasa mgongo:
"Baba, mbona hapa pana baridi?"
Ninainama kidogo, mkono wake ufike.