Sekunde Moja na Nukta Tatu

Baba yangu alifundisha watu kupiga teke.
Si kandanda hii ya mpira wa mviringo;
ile ya Wamarekani, mpira kama yai la mbuni
lililofinywa ncha zote mbili,
kofia ngumu, mabega ya kuazima.
Makocha wenzake waligawana ushambuliaji na ulinzi.
Yeye, Delbert Hruska, akaachiwa kilichobaki:
wapigaji, wadakaji, na kijana mmoja
ainamaye, aurushaye mpira nyuma katikati ya miguu yake
kama mbwa afukuaye mchanga.
Kikosi maalumu, ndivyo walivyokiita.
Umaalumu wake ni kwamba hakuna aliyekitazama.
Kikiingia uwanjani, watu walikwenda kununua soseji.

Mimi nilishika saa.
Tangu nina miaka saba, kwenye nyasi zenye sakitu, Nebraska.
Mpira utoke, udakwe, usimamishwe, upigwe:
sekunde moja na nukta tatu.
Ikizidi hapo, mikono ya adui imeshapanda hewani.
"Ngapi, Corinne?"
"Moja na nukta nne, Baba."
"Tena."
Jua likazama nyuma ya maghala ya mahindi.
"Tena."

Nebraska miaka miwili. Kisha Ohio.
Kisha mji wa Kansas ambao sikumaliza kujifunza njia zake,
maana kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi humfuata
kama mabehewa nyuma ya kichwa cha treni kilichoacha reli.
Mama hakupigilia msumari hata mmoja.
Picha zetu zilishikwa ukutani kwa gundi ya karatasi,
na maboksi hatukuyatupa; tuliyakunja,
yakasubiri uvunguni.

Mcheza kwao hutuzwa.
Sisi, kwetu palikuwa wapi?

Novemba ile ya Iowa nitaisimulia mara moja tu.
Theluji. Tuko nyuma kwa alama mbili. Zimebaki sekunde nne.
Wendell Ostby, mwana wa fundi bomba, akainama.
Nikabonyeza saa jukwaani, kidole kikiniuma kwa baridi.
Mpira ukapaa juu ya kichwa cha mshikaji,
ukadunda, ukadunda, vile mpira ule udundavyo,
bila adabu, usijue wenyewe uendako,
na watu elfu arobaini wakajua kwa mara ya kwanza
kwamba baba yangu yuko duniani.

Sikuisimamisha saa.
Nilipoikumbuka, tukiwa garini,
ilikuwa imefika dakika ya hamsini na moja
na bado inakimbia.

Nyumbani, Mama alikwisha kuyatoa maboksi.
Baba hakuketi kula. Alinyanyua simu ya ukutani,
akakokota waya wake hadi bafuni, akafunga mlango.
Nikamsikia:
"Wendell. Umekula?
Basi kula kwanza. Nangoja."
Hakutaja mpira.
Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, alimpigia kutoka Idaho.
Na uliofuata. Miaka ishirini na sita.
Mara nyingine walizungumzia mabomba tu,
yanavyopasuka kwa barafu, bei ya shaba.

Alistaafu Aprili, bila sherehe,
na goti la plastiki,
na pete moja ya ubingwa wa ligi ndogo asiyoivaa.
Wakanunua nyumba, ya kwanza.
Mama akasimama sebuleni na picha ya harusi kifuani,
akaomba nyundo.

Tukafungua boksi lililoandikwa JIKONI, KANSAS.
Tukafungua la OHIO, ambalo halikuwahi kufunguliwa.
Viatu vyangu vya miaka tisa. Kengele ya mlango. Nyundo hamna.
Baba akaenda kuazima kwa jirani, akakawia,
tukadhani amepotea.
Akarudi na nyundo, na jina la mtoto wa jirani
ambaye, alisema, akivua kofia yake ya sufu,
ana mguu wa kushoto mzuri sana.

Mama akapigilia mwenyewe.
Mimi, kwa mazoea, nilihesabu moyoni.
Picha imekaa upande kidogo.
Hakuna aliyeinyoosha.