Mshonausiku

Huku Paisley usiku hauingii wenyewe.
Hushonwa.
Ndege mmoja, ukubwa wa ngumi, rangi ya chai kavu,
huanzia kwenye dohani la kiwanda kilichokufa,
akateremka na mto Cart akipiga bandi:
tii-kata, tii-kata,
mdomo ndio sindano, wimbo ndio uzi.

Desemba huimba hadi sauti ikamkauka.
Juni kitambaa chenyewe ni cha leso,
anapiga nyuzi nne, anapumzika.

Makinda yake hufunzwa kwa giza dogo,
ndani ya kiatu, chini ya daraja la reli.
Ndiyo maana hapa hatufungi kabati usiku.
Ukiamka ukakuta koti lako jeusi kuliko jana
usilalamike. Mtoto alikuwa shuleni.

Mimi nimeajiriwa na manispaa. Nakaa juu ya paa
na daftari, chupa ya chai,
na tochi nisiyoruhusiwa kuiwasha.
Nahesabu mishono. Ukiruka mmoja, naandika.
Giza ni mali ya umma, husema bosi wangu Murdo,
akisaini bila kusoma.

Februari, saa tisa usiku, ndege akakohoa.
Mara moja tu. Nikasikia uzi ukikatika,
na juu ya ua wa Effie Galbraith
mchana ukadondoka,
mchana wa saa sita kamili, upana wa kitanda,
na joto lake, na nzi wake wawili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
hiyo niliinyonya na maziwa.
Nikashika kalamu.
Lakini aliyeitunga hakusema kitu
juu ya ufa unaovuja jua.

Effie alikuwa ameshatoka,
ndara miguuni, beseni kiunoni.
Hakutazama juu. Mvua ilikuwa na siku kumi na tisa,
na mvua ya huku hukufuata hadi sebuleni,
nguo zikavunda juu ya viti.
Akaanika shuka. Akakung'uta foronya, akaanika mbili,
ingawa mtaa mzima unajua
tangu Novemba analalia moja.

Ndege akarudi, akatua kwenye kamba
katikati ya vibanio.
Akamtazama yeye. Akanitazama mimi.
Kisha akaanza, na hakuziba:
akauzunguka ukingo wa lile tobo, polepole,
mishono ya karibu karibu,
kama fundi anavyozunguka tundu la kifungo.

Kifungo chenyewe sijui kitatoka wapi.
Tobo lipo mpaka leo. Majirani sasa
hupitisha mabeseni yao uani kwa Effie
wakijifanya wamekuja kuomba chumvi.

Kwenye daftari niliandika:
Mvua. Hakuna la kuripoti.
Mkono ulitetemeka, wino ukamwagika,
na Murdo, siku hiyo tu, akasoma.
Doa hili la nini?

Makinda, nikamwambia.
Wanajifunza.