Ufa Niliouziba

Morris ya Bwana Mascarenhas ililetwa kwa kamba,
ikavutwa kutoka Pangani hadi hapa Grogan
Jumanne asubuhi, kabla moshi wa magari haujapanda,
mwenyewe kwenye usukani, shati limepigwa pasi,
akipunga mkono kama bwana harusi.

"Ni trei ya betri tu, Mumbua. Imelika kidogo."

Kidogo.
Nilifungua boneti, nikainua betri,
trei ikaja nayo
vipande vipande, kama chapati ya juzi.
Asidi ilikuwa imekula ikashiba,
ikateremkia ukutani, ule ukuta wa bati
unaotenga moto wa injini na miguu ya dereva,
ikaacha mistari myekundu
kama mvua kwenye nyumba isiyo na mifereji.
Nikadunga bisibisi. Ikapita.
Nikachungulia tunduni: ng'ambo ya pili
kiatu cha Bwana Mascarenhas, kimeng'arishwa,
bado kimekanyaga klachi.

Kwanza magadi. Nilikoroga kwenye kopo,
nikamimina, povu likachemka na kunong'ona
mpaka likanyamaza. Ukisikia kimya, asidi imekufa.
Hilo alinifundisha Kithome,
pamoja na matusi ambayo siyaandiki.
Kisha brashi ya waya. Kisha grenda,
cheche zikaruka hadi duka la vipuri la Gurpreet,
naye akalalamika, kama kawaida yake.

Rangi nyeusi ikatoka. Chini ya rangi, puti.
Puti nene, unene wa kidole,
na nyuma ya puti, gazeti,
limekunjwa mara nne, limeshindiliwa tunduni:
mbio za farasi, Ngong, Ijumaa ya mwaka ule
nilipokuwa na miaka kumi na tisa
na harusi ya kuwahi Machakos.

Nilikaa juu ya tairi.
Mkono wa fundi ni mwandiko.
Mimi puti huibonyeza kwa dole gumba, nikivutia kushoto,
na alama ilikuwepo, imekauka,
gumba langu, jembamba kuliko hili.

Walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa niliuziba.
Hawakusema lolote kuhusu kuziba kwa gazeti.

"Mjinga gani alifanya hivi?"
akauliza Bwana Mascarenhas, kikombe cha chai mkononi.
Grenda ilikuwa imezimwa, hapakuwa na kelele ya kujifichia.
"Mimi."
Akanywa chai. Akanitazama mimi, akalitazama gazeti.
"Na farasi yupi alishinda?"

Siku tatu. Nilikata mpaka nikafikia bati zima,
bati linaloitika ukiligonga, si linaloguna.
Nikachora kiolezo kwenye katoni ya sabuni,
nikakunja geji kumi na nane juu ya kipande cha reli,
kona za trei nikazibembeleza kwa nyundo ya mbao,
nikachomelea nukta hapa, nukta kule,
kamwe si mbili jirani,
bati lisije likajikunja kwa joto.
Praima. Rangi. Mpira mpya chini ya betri.
Bei nikaandika ya vifaa pekee.
Akaongeza, nikarudisha, tukasukumiana noti
mpaka ikaanguka kwenye oili,
na hapo hakuna aliyeitaka.

Jumamosi nililala chali chini ya dashibodi,
tochi mdomoni, nikagonga bati mara mbili: mwaga.
Akamwaga ndoo nzima.
Nikasubiri, uso wangu pale pale
miguu yake hukaa.
Kona mpya, kavu.
Mshono wa juu, kavu.
Kwenye mpira wa kebo ya spidi,
kazi ya kiwandani, ambayo sijawahi kuigusa,
tone likajikusanya, likanenepa,
likanidondokea jichoni.

"Vipi huko?"
Nikatoa tochi mdomoni.
"Mwaga tena."