Karani wa Mizani

Jumatatu soko limefunguliwa kama kawaida,
Fuso zimepanga foleni hadi kituo cha mafuta,
upepo wa Kibaigwa unatupaka vumbi la pumba
sote, mwenye gari na mwenye miguu.
Ndahani amefika saa kumi na mbili na nusu.
Hakuna aliyemwambia mbukwa.

Mimi ni karani. Kazi yangu kusoma namba
na kuiandika. Gunia, mia na tatu.
Gunia, tisini na tisa na nusu.
Nina na daftari lingine, la timu,
maana mimi ndiye mweka hazina wa Mizani,
timu ya wapagazi na washona magunia.
Kila mfanyabiashara alitoa debe moja la mahindi.
Mama Sechelela wa uji alitoa mawili,
akasema, "La pili ni la nahodha peke yake."
Tukapata nauli, tukapata jezi za njano
zenye namba zilizobanduka mara ya kwanza kufuliwa,
tukapata na maneno:
Ndahani atatuvusha. Ndahani ana mapafu ya punda.
Ndahani, ukikosa kombe usirudi.
Hilo la mwisho tulilisema tukicheka.

Kuna kisichomo katika daftari.
Ijumaa usiku, nyuma ya ghala la Chibago,
Ndahani alikunja suruali akatuonyesha goti.
Lilikuwa limeumuka kama andazi.
"Mwanzisheni Lechipya. Mimi nitakaa benchi,
nitapiga kelele. Kelele nazo ni unahodha."
Kamati tulikuwa watatu. Tukatazamana.
Mwenyekiti akauliza, "Na madebe ya watu?"
Nami, niliyejua hesabu ya madebe yote, nikasema,
"Funga bandeji."
Maneno mawili. Hayafiki hata ratili.

Mliopanda lori mliona wenyewe:
uwanja wa Nkuhungu, mkavu kama kigae,
dakika ya themanini na nane, bao moja kwa moja,
mpira ukamwangukia mguuni, kipa yuko chini,
goli tupu, pana kama mlango wa ghala,
na goti likakataa.
Halikuvunjika. Lilikataa tu,
kama punda anavyoukataa mto.
Mpira ukatambaa nje polepole,
hata mtoto angeuwahi.
Kisha wenzetu wakapata kona.

Kurudi, hakuna aliyeimba.
Chamwino mtu akasema gizani, "Ameuza mechi."
Tulipofika Mbande ilikuwa kwa laki mbili.
Tulipoingia nyumbani, laki tano.
Nilikuwa nimekalia tairi la akiba
nikisikia namba zinapanda, mimi, karani,
na sikusahihisha hata moja.
Ndahani alikuwa ameukumbatia mpira
kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani.

Leo anabeba. Gunia la nane, la tisa,
anachechemea upande wa kushoto.
Mama Sechelela amekuja kudai debe lake la pili.
Anamtazama anavyoshuka ubao wa Fuso,
mguu mmoja ukiuuliza mwenzake njia,
kisha anafunika sufuria ya uji,
anaondoka bila kudai.

Saa sita, soko limepoa,
akapanda mwenyewe juu ya mizani, kwa mchezo,
kama tulivyozoea siku za ushindi.
"Soma, karani."
Sitini na tatu.
Nikasoma tena.
Miaka yote nilidhani ni mtu mzito.

Nilitaka kuisema ile ya Ijumaa,
kwa sauti, wapagazi wakiwa pale pale
kivulini mwa lori, wakitafuna mihogo.
Nikafungua mdomo, vumbi likaingia.
Akashuka. Akauliza, "Jezi ziko kwa nani?
Zifuliwe kabla ya Alhamisi.
Na namba ya Lechipya ishonwe, imebanduka."
Nikaandika: sindano moja, uzi mweusi.
Kisha gunia lililofuata,
mia na moja.