Shingo ya Ekzosi

Gari lenyewe halizidi mkate wa kilo mbili,
lakini kelele zake huamsha mtaa mzima wa Barcelos.
Belmiro aliliacha rafuni, limefunikwa taulo,
akaenda zake mwezi wa Machi
bila kusema spana ndogo iko wapi.

Sasa mjukuu ameshuka kutoka Luksemburgi,
Kifaransa mdomoni, rimoti mkononi.
"Bibi, linakohoa."

Linakohoa kweli. Linawaka, linapandisha sauti
kama mtu anayetaka ugomvi,
halafu linakata kauli.

Jirani Adérito, dereva wa basi mstaafu,
kaja na bisibisi yake na uhakika wake.
Kabureta, asema. Akafungua sindano robo,
akafunga nusu, akafungua tena.
Injini ikapata moto hadi mate yakachemka juu yake
(ndivyo apimavyo, hutema).
Plagi, asema. Tukatia plagi mpya ya yuro saba.
Likakohoa kikohozi cha yuro saba.

Mimi nimekula miaka thelathini na moja
kiwanda cha mashati, cherehani arobaini
zikitetemeka kwa pamoja chini ya paa la bati.
Sijui injini. Najua mashine haifichi aibu yake:
penye upenyo pana doa.

Nikavaa miwani, nikalipindua tumbo juu.
Hapo bomba linapoingia ubavuni mwa injini
mafuta meusi, mabichi bado,
yametambaa kama wanja wa mtu aliyelia kwenye harusi.
Nikalishika bomba kwa vidole viwili.
Likacheza.
Si sana. Kama jino la mtoto
siku mbili kabla ya kung'oka.

Adérito akaangalia dirishani.

Unaona mpira huu mwembamba? nikamwambia mtoto.
Unachota pumzi kwenye silensa, unaipeleka tangini,
na tangi lisiposukumwa halitoi kitu.
Pumzi ikivujia shingoni injini hulala njaa,
na njaa yake ni homa.

Tukafungua. Gasketi imeungua, ganda la kitunguu.
Parafujo mbili: moja imelegea,
ya pili haipo kabisa.
Mahali pake, waya wa shaba, umesokotwa mara tatu.
Waya! Belmiro,
uliyenikemea miaka yote ya ndoa
kwa kushikiza suruali yako na pini
pale kifungo kilipokatika!
Nikacheka hadi mtoto akaogopa.

Kaza, asema Adérito, kaza mpaka mwisho.
Hapana, bwana wee.
Tazama kibanio cha nyuma kinachoshika mkia wa silensa:
kimekazwa hivyo hadi bomba limejipinda.
Injini inatikisika, silensa imefungwa pingu,
katikati nani atavumilia?
Uzi uliokazwa mno haukatiki kwenye kigurudumu,
hukatikia tunduni mwa sindano.
Nikalegeza kibanio, mkia ukapata nafasi ya kupumua.
Tukasafisha kwa spiriti mpaka chuma kikang'aa,
gasketi mpya, parafujo mbili za kweli,
silikoni nyekundu ya kuvumilia moto, kidogo tu.

Kopo limeandikwa: saa ishirini na nne.
Mtoto aliuliza saa ya kwanza. Aliuliza saa ya tatu.
Usiku nikasikia miguu yake jikoni,
nikasema gizani, usiguse,
nyayo zikarudi.

Jumamosi, uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha vigae.
Moshi wa buluu ukatoka mkiani, mkiani peke yake.
Nilipapasa shingo kwa kitambaa cheupe baada ya raundi mbili:
kitambaa kikabaki cheupe.
Adérito akatema mate kwenye injini.
Hayakuchemka. Yalikauka taratibu,
naye akaitikia kwa kichwa
kana kwamba ndiye aliyeyaamuru.

Raundi ya sita likavamia ukingo wa matairi,
gurudumu la mbele likaenda upande wake.
Mtoto akanitazama.
Hilo, nikamwambia, si ekzosi.

Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni,
waya wa shaba ulikuwa bado humo.